Majoka Matatu na Gunia la Mpunga: Rekodi za Vita vya Kutamalaki

Pemba haijapata kuvamiwa kwa majoka. Imevamiwa kwa jahazi, kwa merikebu zenye mizinga, kwa barua zenye mihuri, na zaidi ya yote kwa tumbo la mtu wa ng'ambo aliyekuwa na njaa. Kwa sababu hiyo kisiwa hiki ni mahali pazuri pa kuvipima vita vya kubuni, vile ambavyo mfalme huamka siku moja akataka dunia nzima, akapanda mnyama anayetema moto na kwenda kuichukua.

Vijana wa Wete wanavijua vita hivyo kupitia simu zao. Watakutajia majoka ya Aegon moja moja, na nani alimpanda lipi. Ukiwauliza nani aliipokonya Mombasa kisiwa hiki, na kwa nini, baraza hunyamaza. Nimekusanya hapa rekodi za pande zote mbili, za kubuni na za kweli, nikizitazama kutoka Wete, bandari hii ya kaskazini. Sikuzipanga kwa haki. Zile zinazonivutia nimezipa nafasi zaidi.

Ushindi wa haraka kuliko wote

Upande wa kubuni, bingwa wa zama zetu ni Aegon Targaryen wa George R. R. Martin, ambaye habari zake zimo katika kitabu *Fire & Blood* cha mwaka 2018. Anashuka pwani na dada zake wawili, jeshi ambalo kwa baadhi ya masimulizi halifiki watu 1,600, na majoka matatu: Balerion, Vhagar na Meraxes. Katika miaka miwili falme sita kati ya saba ziko mkononi mwake. Majoka yote matatu yanaachiwa kwa pamoja mara moja tu, na siku hiyo watu 4,000 wanaungua. Martin anajua hesabu za ushindi: askari wachache, na silaha moja ambayo adui hana jawabu lake.

Miaka miwili kwetu ni mingi. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Kiingereza zilifungua mizinga mbele ya kasri ya Unguja. Siku mbili kabla yake Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ya ridhaa ya Waingereza. Dakika 38 baadaye kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wapo wanaosema 45. Meli ya Sultani, *Glasgow*, ilizama bandarini. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akatoroshwa hadi Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa uhamishoni, na mwisho wake akafia Mombasa mwaka 1927. Uhamisho wake ulidumu kuliko vita vyake mara nyingi zisizohesabika.

Ndivyo vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana katika historia, na vitabu vya rekodi havibishani juu ya hilo. Lakini mimi nabisha juu ya jambo jengine: havikuwa vita vya kutamalaki. Nchi ilikuwa imeshachukuliwa mwaka 1890, kwa kalamu, Waingereza walipoifanya himaya yao. Kilichofanyika asubuhi ile ni kubadilisha mtu wa kukalia kiti. Matokeo yake kwa Pemba hata hivyo yalikuwa makubwa. Sultani aliyewekwa, Sayyid Hamoud bin Muhammed, alitia saini mwezi wa Aprili 1897 amri ya kuufuta utumwa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba, na mashamba ya mikarafuu yaliyouzunguka mji huu yakalazimika kutafuta njia nyingine ya kupata wachumaji.

Ukitaka kutamalaki kwa haraka na kwa kweli, rudi nyuma hadi mwaka 1505. Francisco de Almeida aliichukua Kilwa mwezi wa Julai kwa siku moja, na mwezi uliofuata akaiingia Mombasa, akaipora na kuitia moto. Hapo ndipo Mreno alipofanana na mtu mwenye joka. Mizinga ya merikebu zake ilifika mahali ambapo mshale haufiki.

Vita vikubwa kuliko vyote ambavyo havikupiganwa

Rekodi hii ni ya Mswahili, na sidhani kuna wa kumnyang'anya.

Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani alitunga *Utendi wa Tambuka*, unaojulikana pia kwa jina la *Chuo cha Herekali*. Ni miongoni mwa tendi za Kiswahili zenye tarehe zilizo kongwe kabisa, na katika chapa ya Jan Knappert una beti 1,150. Ndani yake majeshi ya Waislamu na ya Kaisari Herekali wa Rumi yanakutana katika vita vya kutisha, mashujaa wanaitana kwa majina, panga zinapasua chuma, damu inatiririka.

Mtu yeyote aliyesoma sira madrasani anajua kwamba Tabuk, ndiyo Tambuka ya utendi huu, hapakupiganwa. Mtume (s.a.w.) alitoka na jeshi katika mwaka wa tisa wa Hijra, ambao ni mwaka 630 wa Miladi, akafika, Warumi hawakutokea, akarudi Madina. Vilivyopiganwa ni vya Mu'ta, mwaka mmoja nyuma yake. Mwengo, na wapokezi wa hadithi za Kiarabu aliowafuata, walichukua safari isiyokuwa na vita wakaipa vita vya beti elfu na zaidi. Herekali wa kweli alitawala kutoka mwaka 610 hadi 641 na alikuwa na maadui wengine wa kumkosesha usingizi. Herekali wa Pate alikuwa na Sayyidna Ali.

Kuna jambo katika tarehe ile ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Mwaka huo huo wa 1728, wakati mshairi akiwapiga Manasara wa Rumi kwa vina, mtawala wa Pate alikuwa ameungana na Manasara wa Ureno dhidi ya Waomani, na kwa msaada huo Wareno wakaingia tena Ngome ya Yesu ya Mombasa. Hawakukaa. Mwaka 1729 walitolewa, na safari hii hawakurudi. Watafiti wa fasihi wameandika mengi juu ya utendi ule, nami nasema hili moja tu: wakati mwingine vita vya kubuni hupiganwa vikali zaidi pale ambapo vile vya kweli vimeuzwa barazani.

Virefu kuliko vyote kwa beti

*Utenzi wa Rasi 'lGhuli* wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979 kwa kazi ya Leo van Kessel, una zaidi ya beti 4,000. Huu ndio ulio karibu kabisa na kile ambacho vijana wanakitafuta kwenye simu. Mwanamke aliyeuliwa watoto wake anakwenda Madina kushtaki, na kutoka hapo linazuka jeshi la kwenda Yemen kumkabili mfalme mshirikina mwenye jina la kuogofya, kichwa cha zimwi. Historia haimjui mfalme huyo wala vita hivyo. Hadithi inatoka katika masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, ambamo Ali anazishinda ngome ambazo hazimo katika ramani yoyote.

Hebu tupige hesabu ya kazi yenyewe. Beti moja ya utenzi ina vipande vinne. Vitatu vya mwanzo vinalingana kwa kina, na cha nne kinabeba kina kimoja kisichobadilika tangu bismillahi hadi mwisho. Beti 4,000 ni vipande 16,000, na mtunzi ametia kituo chenye kina kile kile mara 4,000 bila ya kuchoka. Martin alikuwa na majoka. Mgeni alikuwa na pumzi.

Shaaban Robert alijaribu urefu kama huo kwa vita vya kweli, katika *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945. William Mkufya, katika riwaya yake ya mwaka 1999 *Ziraili na Zirani*, aliviondoa vita duniani kabisa akavipeleka ahera, na hapo sina cha kukipima. Na hapa Pemba Kamange na Sarahani walipigana vyao kwa kujibizana mashairi, vita ambavyo havikumwaga tone la damu. Mashairi yao yamekusanywa katika *Kale ya Washairi wa Pemba*, kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutoka mwaka 2011.

Mzingiro mrefu

J. R. R. Tolkien aliizingira ngome ya Sauron kwa miaka saba. Wagiriki wa Homer walikaa mbele ya Troy miaka kumi. Upande wa kweli, Waturuki waliizingira Candia, katika kisiwa cha Krete, kwa miaka 21, kutoka 1648 hadi 1669, na rekodi hiyo inawashinda hata watunzi.

Kwetu ni Ngome ya Yesu. Ilijengwa kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na Waomani kutoka Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Adui mkubwa wa waliokuwa ndani alikuwa maradhi. Walikufa mmoja mmoja hadi mwezi wa Agosti 1697 nahodha wa mwisho wa Kireno naye akafa, na ulinzi wa ngome ya mfalme wa Ureno ukabaki mikononi mwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake wachache na mabaki ya watumishi. Waliishikilia hadi msaada ulipofika kwa bahari mwezi uliofuata.

Kwa maoni yangu huyu ndiye kamanda wa ajabu kuliko wote katika orodha hii. Kwa nini mtu wa Faza awafie Wareno? Kwa sababu Pate, jirani na hasimu wa Faza, ilikuwa upande wa Waomani. Vita vilivyoandikwa katika vitabu vya Ulaya kuwa ni vya Msalaba na Hilali, kwa Bwana Daud vilikuwa ni vya jirani na jirani. Mtunzi wa kubuni angeona jambo hili halisadikiki, angelikata.

Miongoni mwa vyombo vya msaada ilikuwemo manowari *Santo António de Tanná*, ambayo ilizama chini ya ngome mwaka 1697 na ikaja kuchunguzwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970. Waomani walipopanda kuta usiku wa Desemba, waliokuwa hai ndani ni watu wa kuhesabika kwa vidole.

Mtawala wa kutisha kuliko wote

Pemba haikuhitaji kuazima zimwi kutoka Yemen. Ina Mkama Ndume.

Kusini-mashariki ya Chake Chake, pale Pujini, pana ngome ya karne ya 15 yenye boma na handaki, na chini ya ardhi pana chumba kilichochongwa siwa katika lipu ya ukuta wake. Ni nadra sana kupata mji wa pwani hii uliojengewa boma la namna ile kabla ya kuja Wareno. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Adria LaViolette, wamefukua hapo kwa miaka mingi. Lakini kabla ya majembe ya wataalamu palikuwepo hadithi. Watu wanasema mwenye ngome aliwakamua wanaume kama jina lake linavyodai, na kwamba vibarua wake walibebeshwa mawe wakisogea kwa makalio, wasiruhusiwe kusimama. Kisima chake kiligawanywa kwa ukuta kwa sababu wake zake wawili hawakutaka kuonana: mmoja akiteka maji kwa kamba na ndoo, mwenziwe akishuka kwa ngazi.

Ukilinganisha na wafalme wa kubuni, Mkama Ndume ana sifa moja wanayoikosa wengi wao: utawala wake una dosari za nyumbani. Sauron hana wake wawili wanaogombania kisima. Kaskazini, karibu na Tumbe, magofu ya Chwaka husimuliwa kuwa yalikuwa ya mwanawe, Haruni, na hapo hapo yamo makaburi yanayohusishwa na Wamazrui. Hao wanatupeleka kwenye rekodi ninayoithamini kuliko zote.

Sababu isiyokuwa na fahari hata kidogo

Katika vitabu vya kubuni nchi huvamiwa kwa ajili ya pete, kiti cha chuma, utabiri, au mwanamke mzuri. Pemba iligombewa kwa ajili ya mpunga.

Mombasa ni kisiwa kidogo chenye bandari kubwa na ardhi haba. Wamazrui walioitawala walikula kutoka huku. Jazira ya Kijani, kama Waarabu walivyokiita kisiwa hiki, ilikuwa na mvua, mabonde, ng'ombe na majahazi ya kuvusha. Mwenye Pemba aliilisha Mombasa. Asiyekuwa nayo alisubiri huruma ya bara. Katika miaka ya 1750 liwali Ali bin Athman al-Mazrui alitoka akaenda hadi Unguja yenyewe, akakaribia kuichukua, na katikati ya vita akauawa na jamaa yake, Khalaf bin Qadhib. Ushindi uliokaribia kuliko wote pwani hii ulikatishwa na jambia moja kutoka ndani ya kambi.

Sayyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Wabusaidi wa Omani, aliposhika Maskati alidai haki yake kwa Mombasa. Liwali Abdalla bin Ahmed al-Mazrui, ambaye alitawala kutoka 1814, alimpelekea zawadi: vazi la chuma, baruti kidogo na risasi. Katika rekodi za matusi ya kidiplomasia nafasi ya kwanza ni yake, wala hakuandika hata neno moja la tusi.

Jawabu la Said halikwenda Mombasa moja kwa moja. Hapo ndipo utaona akili ya mtu huyu ambaye hakuwa na joka lakini alijua mchele unatoka wapi. Wapemba wenyewe walikuwa wamechoka na mkono wa Wamazrui na walipeleka malalamiko yao Maskati. Mwaka 1822 hadi 1823 majeshi ya Said yaliichukua Pemba. Wamazrui walijaribu kuirudisha wakashindwa, na kutoka hapo Mombasa ikawa mji wenye ngome kubwa na ghala tupu.

Matokeo yake yalifika hadi London. Mapema mwaka 1824 nahodha wa Kiingereza William Owen aliingia Mombasa, akaukuta mji uko tayari kupandisha bendera yoyote isiyokuwa ya Said. Wamazrui walikubali himaya ya Uingereza, wakakubali mapato ya forodha yagawanywe, wakakubali hata biashara ya watumwa isimame. Na katika waliyoyataka wao ni kusaidiwa kurudishiwa milki zao, Pemba ikiwemo. Luteni Reitz, aliyeachwa kuwa mkuu wa hapo, alikufa kwa homa mwezi wa Mei mwaka huo huo, na jina lake likabaki kwenye ghuba ya Port Reitz. Serikali ya Uingereza haikuiridhia himaya hiyo. Mwaka 1826 bendera iliteremshwa. Pemba haikurudi.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1837, Said aliingia Mombasa, na wakuu wa Kimazrui wakakamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas. Watu huhesabu huo ndio ushindi wake. Mimi nahesabu ushindi wake ulipatikana hapa, katika mabonde ya mpunga, na yaliyobaki yalikuwa ni kungoja.

Kejeli yake ni kwamba mshindi hakuuacha mpunga ukatawala. Mikarafuu iliingia, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa ya Unguja na kuisalimisha kwa sehemu kubwa ya Pemba, kisiwa hiki kikawa ndicho shamba kuu la karafuu, na Wete ikawa bandari yenye harufu unayoisikia kabla hujaiona. Leo sehemu kubwa ya mchele unaopikwa Wete huja kwa meli kutoka nchi za mbali. Kisiwa kilichopiganiwa kwa mpunga kinanunua mchele.

Vita vilivyoamuliwa na maji kupwa

Shela, mnamo mwaka 1812. Mombasa na Pate ziliungana kuipiga Lamu, wakashuka pwani, wakashindwa, wakakimbilia majahazi yao. Maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vilikaa mchangani, na watu wakauawa hapo hapo walipokuwa wakivisukuma. Kwa muda mrefu baadaye upepo uliendelea kufukua mifupa katika vilima vya mchanga vya Shela. Lamu ilishinda, kisha ikaogopa kulipiziwa, ikamwita Said. Wavuvi wa Wete hawahitaji kuelezwa zaidi. Mtu asiyeijua bamvua asipange vita katika pwani hii.

Vita vya pande nyingi zaidi

Mombasa, 1589. Mturuki Mir Ali Bey alikuwa kisiwani pamoja na wenyeji, merikebu za Wareno kutoka Goa ziliziba bandari, na ng'ambo ya bara walikuwa wamepiga kambi Wazimba, ambao walikuwa wameshaiangamiza Kilwa. Wareno waliwaachia Wazimba wavuke. Wazimba walipomaliza Mombasa walikwenda Malindi, na huko wakavunjwa na Wasegeju, ambao hakuna aliyekuwa amewahesabu. Mir Ali Bey alichukuliwa hadi Lisbon. Hakuna upande hata mmoja uliopata ulichokuja kukitafuta isipokuwa Mreno, na Mreno alilazimika kujenga ngome kubwa ili akilinde.

Hazina ambayo hakuna mshindi aliyeipata

Ukisimama bandarini Wete ukatazama ng'ambo ya ghuba upande wa kusini, unaiona Mtambwe. Pale Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, wachimbaji waliokuwa na Mark Horton walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Fedha hizo ni za karne ya 11, ndogo ndogo, na zilipigwa kwa majina ya watawala wa huku huku. Upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zinalingana kwa kina. Ni beti iliyopigwa juu ya fedha, karne nyingi kabla ya Mwengo.

Mreno alipita mbele ya hazina hiyo, Mmazrui alipita, Mbusaidi na Mwingereza wakapita, na wote walikuwa wakitafuta mali. Smaug wa Tolkien alilala juu ya dhahabu na kila mtu akajua ilipo. Mtambwe haikuwa na joka la kuitangaza, na ndiyo maana mali yake ilibaki hadi jembe lilipoigusa.

Aliyeshindikana kuchukuliwa

Katika hadithi ya Martin, ufalme wa saba, Dorne, haukuchukuliwa na Aegon. Watu wake waliziacha ngome tupu wakaingia jangwani, na miaka baadaye wakamwangusha joka Meraxes pamoja na malkia aliyempanda. Kisiwa chetu hakina jangwa la kuingia, lakini kina mikoko, mikono ya bahari, visiwa kama Fundo na Njao, na njia ambazo mgeni hazijui. Wareno walifaulu kutoza, kupora na kumpa huyu au yule kisiwa hiki kama zawadi. Kukaa kwa utulivu hakukuwafaa. Kitu kinachosemwa kuwa walikiacha ni mchezo wa ng'ombe, unaochezwa bado huku Pemba, na ng'ombe huyo hauawi. Kama kweli ni urithi wao, Wapemba waliuchukua wakautoa upanga.

Mtu mmoja aliyeviandika vyote viwili

Nimemweka mwisho kwa sababu bila yeye orodha kama hii isingekuwa na maana. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitunga *Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani*, wenye vita vya zama za Maswahaba kama masimulizi yalivyovipamba. Kisha Wajerumani wakaja kweli. Akaandika *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, wenye tarehe ya mwaka 1307 wa Hijra, takriban 1890, wakati moshi wa vita vya Abushiri dhidi yao ulikuwa bado haujatulia. Kalamu ni ile ile, bahari ya utenzi ni ile ile, mashujaa wanaitana kwa majina vile vile. Tofauti ni kwamba safari hii walioshinda ni wale wenye bunduki za kisasa, na mtunzi hakuificha khabari hiyo. J. W. T. Allen aliuchapisha, na kwa sababu hiyo tunao leo. Kwa jicho langu huo ndio utenzi wa vita ulio bora kuliko wote wa pwani, hata kama ule wa Rasi 'lGhuli umeushinda kwa beti elfu kadhaa.

Vita vya Mrima vina utenzi wao. Uhud, Tabuk na hata Yemen isiyokuwepo zina tenzi zao. Vita vya mwaka 1823, vilivyoamua nani ale mpunga wa Pemba, vinastahili utenzi wao. Ikiwa wewe msomaji una mzee Wete, Tumbe au Micheweni mwenye chuo cha hati za Kiarabu katika kasha lake, au anayekumbuka beti alizozisikia kwa babu yake juu ya Wamazrui na Wabusaidi, kaa naye, umwandike neno kwa neno, na hati hiyo uipige picha uipeleke Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, kabla mchwa hawajaimaliza.